Gari Ilikuwa Nzima

Mume wangu alianza kufa kwa mguu wa kushoto, na sie tukabadilisha klachi.

Nalisema hivyo hivyo bila kulizungusha, maana nimechoka kuzungushwa. Watu wakija kunipa pole huuliza, "Kwani alianzaje?" na mie huwajibu, "Alianza kwa gia kugoma." Wanatazamana. Wanadhani uchungu umenipanda kichwani. Haujanipanda popote, ndivyo alivyoanza. Iligoma gia ya kwanza, ikafuata ya pili, ikafuata rivasi, na wote tuliokuwa pale Manzese, watu wa spea na mafundi, watu wa kukijua chuma kwa kukishika tu, tukainama chini ya gari kutafuta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa umekaa juu, kwenye kiti cha dereva, umefunga mkanda.

Nina duka la spea Manzese, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro. Ukiwa ndani unasikia mabasi ya mwendokasi yanavyopita lakini huyaoni. Nauza sahani za klachi, beringi, masta za breki, mipira ya kila namna. Mie mtoto wa Mwananyamala, nimezaliwa humo na kuchezwa unyago humo, na biashara nilirithi kwa mjomba wangu. Mwanamke kwenye duka la spea lazima awe na mdomo, la sivyo wateja watamuuliza mwenye duka yuko wapi mpaka kiyama. Mdomo ninao. Mume wangu alikuwa akisema kanioa kwa ajili ya mdomo wangu, na kwamba atakuja kufa kwa ajili ya huo huo. La kwanza alisema kweli.

Yeye alikuwa mtu wa forodha, kazi yake kuwatolea watu magari bandarini. Mzaramo kama mie, lakini mpole, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Magari mangapi yalimpitia mikononi na hakutamani hata moja, mpaka siku iliposhuka gari ya buluu kutoka Japani, gari ya mbio hasa, gia za mkono, turbo, kibawa nyuma, na bomba la moshi pana kama sufuria ya uji. Aliyeiagiza akashindwa kuja kuitoa. Mume wangu akainunua. Alipoileta nyumbani kwetu Mbweni nilitoka nje na kanga yangu kifuani, nikaizunguka kimya kimya, kisha nikamwambia, "Haya bwana. Umeniletea mke mwenza."

"Huyu hali wala hanuni," akasema.

"Hanuni, ila anapiga kelele kunishinda mie. Na ukoo wetu wote haujawahi kutoa mtu wa namna hiyo."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Toka siku ile jina likashika. Nikimpigia simu amechelewa, namuuliza, "Uko na mwenzangu?" Na kweli nilikuwa na wivu kidogo, msinicheke. Jumapili baada ya sala ya alfajiri alikuwa anatoka nayo kwenda njia ya Bagamoyo, kabla watu hawajaamka, na akirudi uso wake unakuwa wa kijana. Siku nyingine tulienda wote. Mtu akibadilisha gia vibaya mwili wako unajua, unachomolewa mbele na kurudishwa nyuma. Kwake hakukuwa na kitu. Nilisikia tu injini imebadili sauti na turbo imepumua, fyuuu, nikaangalia mkono wake, tayari umesharudi kwenye usukani. Nilijivunia sana, ingawa sikumwambia, maana sie wanawake wa pwani hatusifii waume zetu mbele yao, wanaharibika.

Gari hiyo haikuwa ikiendeshwa na mtu mwingine. Ndugu zake waliiomba kwa ajili ya harusi, akawapa dereva, na dereva mwenyewe akawa yeye. "Gari ni mswaki," alikuwa akisema. Mie najua gia za mkono, nilijifunzia kwenye pikapu ya dukani, lakini usukani ule sikuwahi kupewa hata kuugusa. Hilo ndilo jambo lililotuponza, na halikuwa la mtu mbaya. Lilikuwa la mtu anayependa kitu chake.

Mara ya kwanza gia ilipogoma tulikuwa kwenye foleni ya Mwenge. Akaweka namba moja, ikasaga. Krrr. Sauti ile kwa mtu wa spea ni kama kusikia mtoto wako anakohoa. Akarudia, ikaingia. "Hee," akasema, "huyu vipi leo?" Tukaendelea na safari. Wiki hiyo ikatokea tena, kisha tena, na mara zote ni jioni au kwenye foleni ndefu. Asubuhi akitoka Mbweni gia zinaingia zote kama kawaida. Akifika Mwenge, amekanyaga na kuachia, amekanyaga na kuachia, inaanza kusaga. Akasema mwenyewe, "Ikipoa ni nzima. Ikipata moto inagoma."

Na mie, kwa akili zangu zote za dukani, nikamjibu, "Basi mafuta ya gia boksi yamechoka. Yakipata moto yanakuwa maji."

Ingekuwa mteja ningemuuzia mafuta palepale, na nilimuuzia. Nani angewaza vingine? Kitu kikifanya kazi kikiwa baridi na kikashindwa kikiwa cha moto, kila fundi wa Dar atakwambia ni mafuta, au mpira umelegea, au masta inavujia ndani. Hakuna atakayekwambia kwamba kilichochoka si chuma.

Fundi wetu alikuwa na gereji nyuma ya duka langu. Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa miraba minne, mikono kama makasia, sauti ya kuita ng'ombe. Na kwa kuwa ni Mnyamwezi na sie ni Wazaramo, alikuwa mtani wetu. Wa kwetu wanajua maana yake, lakini kwa asiyejua: mtani ana ruhusa. Atakutukana mbele za watu, atakuita mvivu, atakunyang'anya sahani ya chakula, na huna haki ya kukasirika, ukikasirika wewe ndiye mkosa. Hata msibani watani ndio wanaochekesha, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Kwa hiyo maneno ya mtani yana mahali pake. Yanaingia sikioni na kuishia kwenye kicheko. Hayaendi moyoni.

Siku ya kwanza alipoletewa gari, fundi alimwaga mafuta ya zamani kwenye beseni, akachovya kidole, akayasugua juani kutafuta vumbi la chuma. Hamna kitu. Akaweka mapya. Akaingia kwenye usukani, mume wangu akakaa pembeni yake amekunja uso, maana fundi tu ndiye aliruhusiwa na hata huyo kwa masharti, mpaka kona ya msikiti na kurudi. Walipokwenda na kurudi sikusikia hata msago mmoja. Fundi akashuka, akafunga mlango, akawageukia mama ntilie wa jirani na wateja wangu na kila aliyekuwa na masikio.

"Jamani, gari ni nzima! Kibovu ni mguu wa huyu Mzaramo. Umezoea kunyooshwa mkekani kusubiri ubwabwa!"

Yarabi, tulicheka. Mama ntilie aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mume wangu alicheka kuliko wote, akamrudishia hapo hapo, "Wako ndio mguu, mpagazi wangu. Umekomazwa na kubeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Nenda zako ukale michembe yako ya viazi!"

Nami nikachangia langu. Sikumbuki nilisema nini, lakini nakumbuka watu wakapiga makofi.

Ukweli ulikuwa umeshasemwa. Umesemwa mchana kweupe, kwa sauti kubwa, siku ya kwanza kabisa, na mwenyewe aliyeusema hakujua kwamba ameusema. Alikuwa anatania tu. Kama maneno yale yale yangetoka kwa mtu mwingine, mgeni, Mchaga wa duka la pili, mume wangu angeudhika, angekwenda nyumbani akayawaza, pengine angeutazama mguu wake. Lakini yalitoka kwa mtani. Ilibidi tucheke, na tukacheka. Wenye methali husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sie hatukuficha, jamani. Tuliyatangaza Manzese nzima, ila kwa jina la gari.

Mafuta hayakusaidia. Fundi akatoa upepo kwenye mfumo wa klachi. Wiki moja nafuu, au tuliona nafuu kwa sababu tulikuwa tunaitaka, kisha ikarudi. Nikatoa dukani kwangu masta mpya ya klachi, ile pampu ya mafuta ya pedeli, na ya chini yake, na mpira wake. Ikarudi. Kila safari fundi akijaribu mwenyewe inaingia, mume wangu akirudi nayo nyumbani inasaga. "Wewe unaiendesha dakika mbili," mume wangu akamwambia, "haijapata moto." Na fundi akakubali, kwa sababu ni kweli alikuwa anaiendesha dakika mbili. Masharti yalikuwa mpaka kona ya msikiti.

Nyumbani nako alianza kuburuza ndala. Ile ya kushoto ilikuwa inamtoka, anafika sebuleni ndala imebaki mlangoni. Nilimgombeza. "Baba, nyanyua miguu, unanimalizia sakafu." Akaniambia ndala zimekuwa kubwa. Nikamnunulia nyingine. Mungu wangu, nilimnunulia nyingine, namba ndogo zaidi, na nikampelekea nikiona nimemaliza kazi.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo bado likinijia usiku nageuka upande wa pili. Klachi kazi yake ni kuitenga injini na gia boksi kwa muda mfupi, gia ipate kuhama. Mguu usipofika chini, havitengani sawasawa, na gia zinasagana. Mume wangu alikuwa akilalamika pedeli inakata chini mno. Fundi, kwa kumpenda mtani wake, akaingia chini ya dashibodi, akakaza kile kijiti cha pedeli mpaka klachi ikawa inakata juu juu, ukigusa tu. "Sasa nimekutengenezea klachi ya Kizaramo," akasema, "haitaki nguvu." Na gia zikaanza kuingia! Tulifurahi. Mume wangu alinipigia simu kutoka Tegeta kunieleza kwamba zimeingia njia nzima. Tulikuwa tumeirekebisha gari ifuate ugonjwa wake, na tukaita kupona.

Klachi iliyokazwa hivyo haishiki vizuri, inateleza na kujiunguza. Haukupita muda ikaanza kutoa ile harufu, kama nywele zilizoguswa na pasi. Gari inanguruma lakini haiendi. Sasa ugonjwa ukawa wa kweli, na kila mtu akasema, enhee, kumbe ni klachi siku zote! Hata fundi akapumua. Tulikuwa tumeutengeneza ugonjwa sisi wenyewe kisha tukashangilia kuupata.

Akashusha gia boksi yote. Nilifunga duka nikaenda kushuhudia. Aliifungua juu ya meza, akatoa vile vipete vya shaba vinavyozisaidia gia kushikana bila kusagana, akanipa kimoja kimoja nivishike. Meno yalikuwa makali, safi, kama vimetoka kwenye boksi. Nikapitisha ukucha. Nilivyouza spea miaka yote hii, kipete kilichochoka nakijua hata nikifumba macho.

"Shemeji," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani sautini, "hii gia boksi haina kosa. Sielewi."

"Utaelewaje wakati umesomea kubeba mizigo?" mume wangu akasema, amekaa kwenye tairi la zamani. Tukacheka tena, kidogo. Nilipogeuka nikaona anajisukuma kwa mikono yote miwili kunyanyuka kwenye lile tairi, na mtu mzima akikaa chini sana hujisukuma, kwa hiyo nikatazama pembeni.

Ikafungwa upya, sahani mpya, kijiti cha pedeli kikarudishwa mahali pake. Fundi akaomba masharti yaondolewe. Akaiendesha kwenda Ubungo na kurudi kwenye foleni, mpaka ikapata moto kweli kweli. Hakuna msago. Akampa mume wangu ufunguo kwa mikono miwili. "Nenda salama, mtani."

Jioni hiyo niliondoka naye. Ilisaga kabla hatujafika Mwenge. Foleni ilikuwa imeshikamana, gari zinasogea hatua na kusimama. Akakanyaga, krrr. Akakanyaga, krrr. Nyuma wanapiga honi, mwenye bodaboda mmoja akatuchungulia dirishani, "Mzee, gari ya mbio hiyo, mbona haitaki?" Mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akimtukana hata kuku, akapiga usukani kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamchuruzika na kiyoyozi kinapuliza.

"Shuka," nikamwambia. "Hebu shuka niendeshe mie."

Nilijua atakataa. Hakukataa. Hapo ndipo nilipoogopa, kabla sijajua naogopa nini. Alizunguka mbele ya gari akiishikilia boneti kwa mkono.

Nikakaa kwenye kiti ambacho sikuwahi kukikalia. Nikakanyaga, nikaweka moja. Ikaingia. Mbili, ikaingia. Tukasimama, moja tena, ikaingia laini, hata hainiulizi. Nami kwa huu mdomo wangu nikaanza kumtambia. "Umemwona mwenzangu? Kumbe alikuwa ananitaka mie! Miaka yote unamlazimisha, mwanamke anamjua mwanamke mwenzie." Nikafika nayo tatu, nne, nikarudi tatu. Nilikuwa nafurahi, jamani. Nilidhani tumepona. Niliposikia hacheki nikageuka.

Alikuwa ameshika paja lake la kushoto kwa mikono miwili, analitazama.

"Mke wangu," akasema. "Mguu wangu haufiki chini."

Niliendesha mpaka Mbweni bila kusema neno, mie.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu. Hakuanza na mashine. Alimlaza, akaweka kiganja chini ya unyayo wake wa kulia, akasema, "Sukuma, kama unakanyaga breki." Akasukuma, daktari akarudi nyuma. Akahamia wa kushoto. "Sukuma." Nilimwona mume wangu anavyojitahidi, mishipa ya shingo imesimama, na kiganja cha yule binti hakikusogea. Akamwambia apumzike. Akakaa akilitazama paja lake kwa muda, na mie nikaona anachokitazama. Nyama zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi, zenyewe, bila kuamriwa.

Vipimo vingine vilifuata, na safari nyingine, na wengine wenye umri mkubwa zaidi. Mwisho wake tuliambiwa na binti yule yule, na namshukuru kwamba alituambia ameketi. Akasema mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli inakufa. Imeanza mguuni, itapanda. Mikono, sauti, kumeza, mwisho pumzi. Haitagusa akili, atajua kila kitu.

Na mie, mwenye duka, nikauliza swali langu la dukani. "Hakuna cha kubadilisha?"

"Hakuna, mama."

"Hata kwa kuagiza nje?"

"Hata kwa kuagiza nje, mama."

Mume wangu akaniwekea mkono begani. Yeye ndiye anakufa, na yeye ndiye ananibembeleza. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nilimchukia fundi, nilimchukia mama ntilie aliyeacha mwiko, nilizichukia zile ndala. Nilitaka mtu mmoja awe na kosa. Nilitafuta kweli, nikakosa wa kumpa.

Fundi alipokuja Mbweni kumwona, alikuja na mfuko wa machungwa na shati la Ijumaa. Akakaa ukingoni mwa kochi. "Shikamoo, kaka," akasema. "Pole sana, kaka."

Mume wangu alikuwa ameanza kutembelea mkongojo, na ulimi umeanza kumwia mzito kidogo. Akamtazama. "Kaka? Tangu lini mie kaka yako?"

Fundi akainamia mfuko wake wa machungwa.

"Mpagazi. Mbona hunitanii? Nimeshakufa?"

Lile jitu likaanza kulia, mabega yanatikisika. "Nilikutamkia, mtani. Kinywa changu hiki kilikutamkia mguu. Mie nilikuwa natania tu, Mungu ananiona."

"Na mie nilicheka," mume wangu akasema. "Kwani ungefanyaje? Ungeniambia kwa upole ningekusikia? Sikuwahi kukusikia hata ukiniambia nikaze nati." Akavuta pumzi kwanza. "Nitanie bwana. Wote wananinong'oneza humu ndani kama nimeshavikwa sanda. Nitanie."

Fundi akajifuta na mkono wa shati. "Basi nyie Wazaramo," akasema, sauti imekatika katikati, "hata ugonjwa wenu mvivu. Badala ya kumshika mtu, umeanza kwa kulala."

Mume wangu akacheka. Akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Mie nikaingia jikoni nikafungulia bomba la maji ili wasinisikie.

Gari ilikaa uani chini ya turubai. Nilitaka iuzwe, sikutaka kuiona. Asubuhi moja ya Jumapili akaniita, akasema, "Twende njia ya Bagamoyo."

"Nani anaendesha?"

"Wote."

Alikuwa ameshaifikiria. Mie nikae kwenye usukani, miguu yangu ndiyo itakanyaga. Yeye akae kushoto kwangu, na gia iko katikati yetu, usawa wa mkono wake wa kulia, na mkono wa kulia bado ulikuwa wake. Nilimwambia ana wazimu. Nikavaa baibui langu tukatoka.

Mwanzoni tuligombana. "Kanyaga!" anasema, nimeshachelewa. "Achia!" nimeshaachia. Gari inaruka kama mbuzi, na mie namtukania mke mwenza. Lakini Jumapili zilivyoendelea tukazoeana, maneno yakapungua, na ilikuwa vizuri kwa sababu maneno yalikuwa yanamchosha. Nilikuwa nasikia tu injini imefika inapotaka kufika, nakanyaga, na mkono wake unakuwa tayari unahama. Hakunichomoa mbele wala kunirudisha nyuma. Ndoa yetu yote hatukuwahi kuelewana vile, na mie si mtu wa kuelewana. Nilikuwa nasubiri Jumapili kama mwali anayesubiri kutolewa nje. Nikajidanganya kwamba mkono ule utaachwa. Nilimwomba Mungu kwa masharti kabisa, chukua miguu, chukua na sauti, niachie mkono mmoja.

Jumapili moja asubuhi barabara ilikuwa imelowa kwa mvua ya alfajiri, mabanda ya wauza samani bado yamefungwa. Tuliweka moja, tukaweka mbili, tukawa tunapanda mlima mdogo kabla ya Bunju. Injini ikafika. Nikakanyaga.

Gia ikatoka kwenye mbili, ikasimama katikati. Sauti ya injini ikashuka, gari ikaanza kupungua mwendo. Nikasubiri. Nikatazama chini, mkono wake uko juu ya gia, vidole vimelala. Mshipa wa mkono umesimama mpaka kwenye kiwiko, anasukuma kwa kila alichonacho, na gia haisogei. Nyuma yetu bajaji ikapiga honi.

Nikasema haraka haraka, "Samahani, baba. Ni mie. Sijakanyaga mpaka chini."

Alikuwa mtu wa kujua gari kwa masikio, na alikuwa amesikia.

"Umekanyaga," akasema. Lilimtoka kwa taabu, lakini lilitoka zima. "Umekanyaga vizuri, mke wangu."

Akauvuta mkono ule kutoka juu ya gia kwa mkono wa pili, akauweka mapajani.

"Ingiza wewe."

Nikaingiza tatu. Ikaingia bila taabu yoyote.